Mboni wa Lumemo na mrashi uliopelekwa boma

Jua ndiyo kwanza linachomoza upande wa Lumemo, na Mboni ameshaonjeshwa mara mbili ingawa hana njaa wala kiu.

Mara ya kwanza ameonja mchuzi mbele ya mwenye shughuli. Mara ya pili ameitwa na askari wa zamu, aliyeegemea nguzo ya baraza, akaambiwa achote maji ya kupikia mtungini na kuyanywa palepale. Ameyanywa yote, akaigeuza kata chini juu kuonyesha kwamba halikubaki hata tone, kisha amerudi kwenye mafiga yake.

"Nimezoea," anasema huku akisukuma kuni kwa mguu. "Wapishi wengine hunenepa kwa kula mabaki. Mimi nanenepa kwa kushukiwa."

Leo ni arusi ya Chiku, binti wa Bwanaheri, mwenye duka la nguo na chumvi hapa Ifakara. Ni mwezi wa Julai, mwaka 1908. Mpunga umeshaingia ghalani, na watu sitini wamealikwa. Tangu vita vya Maji Maji viishe, bonde hili halijaona mkusanyiko mkubwa kama huu, na kila anayepita njiani anapunguza mwendo kuutazama kama vile anatazama nyoka ambaye hajui kama amekufa.

Bwanaheri ana cheti cha ngoma kutoka kwa akida, mtawala wa eneo aliyewekwa na Wajerumani. Amekikunja na kukiweka ndani ya kofia yake, na kila baada ya muda anaivua, anakisoma, anaivaa tena. Cheti kinaruhusu watu sitini, ngoma tatu, na mwisho kabla jua halijazama. Chini kabisa umeongezwa mstari mmoja kwa wino mwingine: mtu yeyote asinyunyiziwe maji wala dawa.

Mstari huo uliandikwa kwa sababu ya Mboni. Kila mtu anajua, na yeye anajua kwamba wanajua.

"Likitokea lolote leo, mimi nanyang'anywa duka na wewe unapelekwa Mahenge," Bwanaheri amemwambia asubuhi hii. "Kwa hiyo bibi Mboni, tafadhali sana. Pika tu."

"Napika tu," Mboni amejibu.

Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye mabega mapana na macho yasiyotulia. Anakoroga wali kwa mwiko mrefu, lakini anatazama mlango. Mtu akinong'ona nyuma yake, mwiko unasimama. Hata daftari la mwandishi wa habari hizi limemsumbua tangu jana. Ameuliza mara tatu kama litasomwa boma, na mara zote tatu jibu halikumridhisha.

"Andika kwamba napika vizuri," amesema mwishowe. "Hilo halimpeleki mtu kifungoni."

Ni kweli anapika vizuri. Hakuna mwingine kutoka hapa hadi Mchombe anayeweza kupika pilau ya watu sitini bila kuunguza chini wala kuacha juu mbichi. Kwa kazi ya siku nzima hulipwa rupia moja na pishi mbili za mchele. Kodi ya kibanda chake ni rupia tatu kwa mwaka. Katika mwaka mzima uliopita ameitwa kwenye shughuli nne tu, na zote nne aliitwa kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuitwa.

Ujuzi huu hakuupata Lumemo, alikozaliwa. Akiwa msichana wa miaka kumi na sita aliolewa na mpagazi wa misafara ya pembe, akafuatana naye hadi Bagamoyo, vyungu kichwani. Mume alikufa kwa ndui katika safari ya tatu. Mboni akavuka hadi Unguja, akaingia kazini kwa mama mmoja aliyekuwa akikodiwa kusimamia arusi za watu wenye nafasi.

Hapo ndipo, kwa maneno yake, alipoijua starehe. Akianza kuizungumzia, uso unamlegea na mwiko unapata mwendo wake.

"Kila wiki arusi. Kama si arusi, maulidi. Kama si maulidi, ngoma ya mtaa huu inashindana na ya mtaa ule. Halafu kulikuwa na beni ya Sultani, wanapuliza matarumbeta mpaka kifua kinatetemeka. Sisi tuliotoka bara tunasimama nyuma, tunacheza kwa mabega tu, maana mikono imeshika masinia."

Na nyumbani je?

"Nyumbani ndiko kuna ngoma. Unguja nilicheza kwa mabega. Lumemo, mtu akivaa njuga, unacheza kwa mwili mzima, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi." Anasukuma ukuni ndani. "Zamani hakuna aliyeuliza."

Kazi aliyoipenda kuliko zote huko pwani haikuwa ya jikoni. Ilikuwa ya kusimama mlangoni na mrashi, kile chombo cha shaba chenye shingo ndefu na matundu madogo, na kuwanyunyizia wageni marashi wanapoingia. Kwa watu wa pwani ni jambo la kawaida. Mgeni akikiona chombo anainamisha kichwa mwenyewe, anapata matone yake, anaingia ananukia.

"Ni kumwambia mtu kwamba amefika," anaeleza Mboni. "Amefika, amekaribishwa, na shida zake azikute hapo nje wakati wa kurudi."

Mwaka 1904 alisikia mama yake ni mgonjwa, akarudi Lumemo na sanduku la nguo, viungo vya pilau na mrashi wake mmoja. Mama alipona. Mwaka uliofuata vita vikaja.

Habari za vita hivyo zinajulikana. Watu walipita vijijini na maji ya dawa vibuyuni, yamechanganywa na mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama. Wanaume wakanyunyiziwa wakiwa wamekusanyika, wakaambiwa kwamba risasi za Mjerumani zikiwagusa zitageuka maji. Hazikugeuka. Kisha ikaja njaa, na Mboni na mama yake wakaishi kwa kuchimba mizizi porini, na mama hakuimaliza njaa hiyo. Mengine mwandishi ameambiwa, lakini hayataandikwa hapa.

Kabla hajaingia porini, Mboni aliufukia mrashi wake chini ya sakafu ya jiko. Alipouchimbua ulikuwa umefanya kutu ya kijani. Akausugua kwa majivu na ndimu siku mbili mpaka ukang'aa.

Ndipo, Julai ya mwaka jana, jirani yake wa Lumemo akamwoza binti yake. Ilikuwa arusi ya kwanza baada ya njaa. Mboni anasema alifurahi kupita kiasi, na furaha ndiyo iliyomponza. Alinunua marashi kidogo dukani kwa Bwanaheri, akavaa kanga yake ya Unguja, akasimama mlangoni mwa ua. Hakumwambia mtu yeyote anataka kufanya nini.

"Hilo ndilo kosa langu," anasema. "Nilidhani furaha haielezwi."

Wageni watano wa kwanza walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya pwani. Wakainama, wakanyunyiziwa, wakapita wakicheka. Wa sita alikuwa Apolonia, mjane wa hapohapo Lumemo. Mumewe alinyunyiziwa yale maji ya vita, akaenda Mahenge na wenzake, hakurudi. Matone ya Mboni yakamwangukia kwenye paji la uso.

Apolonia akapiga kelele kwamba wananyunyiziwa tena.

Watu walitoka kwa kupitia popote palipopitika. Ua wa matete ukalala chini. Ngoma moja ilikanyagwa ikapasuka, na chungu cha pombe kikamwagika mpaka njiani. Wengine walikimbilia mtoni kujiosha, wengine wakakimbilia nyumbani kufunga mlango wasije wakahesabiwa kuwa walikuwapo. Kufumba na kufumbua, uwanjani alibaki Mboni, bwana arusi, na mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Jua halijazama, akida alikuwa ameshapata habari. Mboni alifungwa siku kumi na moja, na mrashi ukabebwa na mjumbe hadi boma la Mahenge, mwendo wa siku tatu, kwenda kuchunguzwa. Huko ulinuswa na kutikiswa, ukarudishwa na barua kwamba ni marashi tu. Akida akaisoma, kisha akamwamuru Mboni anywe yote yaliyobaki ndani, yeye akimtazama.

"Nikanywa. Siku mbili nilikuwa nikicheua harufu ya waridi," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka, ingawa si sana.

Alifunguliwa, lakini hakuachiwa. Tangu siku ile hakuna anayepokea chakula mkononi mwake kabla yeye mwenyewe hajala. Desturi ya mwenye chakula kuonja kwanza ni ya zamani huku, lakini ilikuwa ni adabu tu, tonge moja na maneno mawili ya mzaha. Kwa Mboni imekuwa ukaguzi. Anaonja kila chungu, na chakula kikishapakuliwa anaonja kila sinia, mbele ya watakaolila, nao wanangoja kidogo kuona kama ataanguka.

"Masinia yakiwa tisa, naonja tisa. Ngoma ikianza nimeshiba siwezi kuinua mguu. Nimerudi nyumbani nicheze, nimekuwa mtu wa kutafuna."

Hata waliomwamini walimtia hofu. Miezi miwili baada ya kutoka kifungoni alijiwa na mwanamume asiyemfahamu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yale ya waridi anayaelewa, ni ya kuwapumbaza Wajerumani, sasa amuuzie yale ya kweli. Mboni alimfukuza kwa mwiko. Mpaka leo hajui kama mtu yule alikuwa mjinga au alikuwa ametumwa, na kila akimwona mgeni barabarani anamkagua mwendo.

Lakini swali linalomnyima raha ni jingine. Siku ile kuna mtu aliyekwenda mbio kwa akida. Ni nani? Kwa mwaka mzima amempima kila jirani, na kila mara mizani imemwangukia Apolonia.

Na leo Apolonia amealikwa. Yeye ndiye aliyesuka mkeka wa bibi arusi.

Anaingia jua likiwa utosini. Ni mwanamke mrefu, amevaa kaniki, na shingoni ana msalaba wa mti; alibatizwa misheni ya Kwiro katika mwaka wa njaa. Badala ya kwenda kuketi na wanawake wenzake chini ya kivuli cha baraza, anakuja moja kwa moja jikoni. Mwiko wa Mboni unasimama.

"Hujambo, Mboni."

"Sijambo, dada. Karibu."

Apolonia anaketi juu ya kinu kilicholazwa. Anatazama masinia, anatazama moto.

"Ile chupa yako iko wapi?"

Mboni anageuza shingo. Anamtazama askari, ambaye yuko hatua kumi tu, kisha anatazama kikapu cha mchele kilicho nyuma yake. Mrashi umo humo, chini ya mchele, umefungwa kwenye kanga. Chiku mwenyewe alimjia juzi, akamwambia kwamba mama yake alinyunyiziwa siku ya arusi yake huko Bagamoyo na yeye anataka vivyo hivyo, akampenyezea marashi kidogo. Mboni alikataa katakata. Kisha leo asubuhi akautia mrashi kikapuni, na hajui kwa nini alifanya hivyo.

"Ilibaki boma," anasema.

"Haikubaki boma. Chiku ameniambia."

Baadaye Mboni atamweleza mwandishi alichowaza wakati huo. Alikuwa na hakika kwamba mwanamke huyu ametumwa, kwamba askari anasubiri tu ishara, na kwamba usiku atalala kwenye minyororo.

Apolonia anagusa paji lake. "Siku ile yalinipata hapa. Nikakimbia hadi mtoni. Nilipoinama kunawa nikasikia harufu. Yale ya marehemu naijua harufu yake, maana nguo aliyovaa siku wanamnyunyizia ninayo. Inanuka nyonyo mpaka leo. Yako yalinuka maua. Nikajua si yale."

"Ulijua lini?"

"Palepale mtoni. Jua lilikuwa bado juu."

Wali unaanza kunata chini ya sufuria. Mboni, ambaye hajawahi kuunguza chakula cha mtu, hakorogi.

"Nilikaa ndani siku kumi na moja," anasema.

"Najua. Nilizihesabu."

"Kwa akida ulikwenda wewe?"

"Sikwenda kusema uwongo, Mboni. Wala sikwenda kusema kweli. Nilikaa nyumbani kwangu."

"Kwa nini?"

Apolonia anasugua viganja vyake vilivyokakamaa kwa kusuka ukili. "Nilikuwa na hasira. Mume wangu alinyunyiziwa akaenda kufa. Halafu nakukuta wewe mlangoni, umependeza, unanyunyizia watu na unacheka. Nikasema akae huko huko."

Mboni anakoroga sasa, kwa nguvu, huku machozi yakimtoka bila kuyafuta. Kama ni moshi, moshi wa leo unaelekea upande mwingine. Anakoroga mpaka sufuria nzima imegeuka. Kisha anainama, anachimba mchele, anautoa mrashi na kuuweka chini, kati ya miguu yake na miguu ya Apolonia.

"Cheti kinakataza," anasema. "Mimi simnyunyizii mtu tena."

Apolonia anauokota. Anasimama, anatoka nao mpaka katikati ya uwanja, mahali ambapo hakuna asiyemwona. Mazungumzo yanakatika barazani. Mtu mmoja anainuka kabisa na kukusanya watoto wake. Bwanaheri anashika kofia yake kwa mikono miwili. Apolonia anauinamisha mrashi juu ya kichwa chake mwenyewe, anautikisa mara tatu, na matone yanamtiririka usoni.

Askari ameshafika mbele yake. Apolonia anamnyooshea kiganja kilicholowa.

"Nusa, bwana askari."

Askari anasita, ananusa. Ananusa tena. Anauchukua mrashi, anautikisa sikioni, anamrudishia. Halafu anarudi kwenye nguzo yake na kuendelea kuwatazama, maana hiyo ndiyo kazi yake.

Apolonia anawageukia wageni. Hana sauti kubwa, lakini uwanja umenyamaza kiasi kwamba inatosha.

"Si yale. Mwaka jana nilijua kwamba si yale, nikanyamaza, na mwenzangu akafungwa. Nilitaka mlisikie kwangu."

Hakuna anayepiga vigelegele. Hakuna anayemfuata kuinamisha kichwa. Wazee wawili wanaondoka bila kuaga, na yule aliyekusanya watoto wake anabaki amesimama, mmoja mkononi, hajui aende au akae. Chiku peke yake, kutoka dirishani anakofichwa mpaka wakati wake ufike, anatoa mkono wake wenye hina, na Apolonia anamdondoshea matone yaliyobaki.

Kisha chakula kinapakuliwa, masinia tisa.

Sinia la kwanza ni la wazee. Wanangoja. Mboni anaonja, wanamtazama akimeza, wanaanza kula. La pili vilevile. La tatu ni la wanawake wa Lumemo. Mboni anapoinama kuchukua tonge lake, anaukuta mkono wa Apolonia umeshatangulia, na nyuma ya mkono huo mingine mitatu. Mboni anabaki ameinama, mkono hewani. Kwenye sinia la nne wanaume wanne wanatazamana, mmoja anasema, "Mama, weka tu."

Mpaka mwisho, watu wa masinia matano wanadai aonje, na wa masinia manne hawadai. Mwandishi ameyahesabu. Mboni naye ameyahesabu, na anajua ni nani alikaa sinia lipi.

Si kwamba sasa anawaamini. "Leo wamekula kwa sababu ya Apolonia, si kwa sababu yangu," anasema huku akifunika sufuria. "Kesho wakiumwa tumbo utasikia jina langu." Hata Apolonia, Mboni bado anamwangalia kwa jicho la pembeni. Mtu aliyeweza kunyamaza siku kumi na moja, anasema, anaweza kunyamaza tena.

Lakini ameshaanza kupanga. Mwezi ujao kuna arusi Lupiro, ng'ambo ya mto, na ameombwa kupika. Rupia yake ya leo ataiacha dukani kwa Bwanaheri, aagiziwe chupa ya marashi na msafara utakaotoka pwani. Safari hii hatasimama mlangoni kimya. Atakwenda siku mbili kabla, atapita nyumba kwa nyumba, na kila mmoja atainusa chupa mwenyewe. Atakayekataa atapita bila kunyunyiziwa. Na masinia ya Lupiro, amesema, anataka yatakayomwamini yazidi manne.

"Halafu siku moja," anasema, "nataka nialikwe. Niingie kwa mlango wa mbele, nisiwe na mwiko. Nicheze."

Ngoma tatu zimeshawambwa sawasawa kwa moto, na sasa zinalia kwa tahadhari, kana kwamba wapigaji nao wanasikiliza kama kuna mtu anakuja. Jua limeinama. Mboni ananawa mikono, kisha anasimama ghafla na kujishika tumbo, anashangaa. Katika shughuli zote za mwaka huu hakuwahi kusikia njaa wakati kama huu.

Wanawake wa Lumemo wanasogea na kumpa nafasi kwenye sinia lao. Anaketi kati yao. Chakula ni chake, amekipika kwa mikono yake, lakini sinia limekaa na watu hawa muda mrefu akiwa hayupo, na mkono wake unasimama juu ya wali bila kuugusa.

Apolonia anaona. Anachota tonge upande wa Mboni, anakula, anatafuna taratibu mpaka anameza, kisha anafungua mdomo kumwonyesha.

"Nimeonja," anasema. "Kula, mama."

Mboni anangoja kidogo, kama yeye anavyongojewa. Kisha anakula.